Msichana Aliyefaulu kwa Jina la Mwenzake

Mwaka ule darasa la saba lilikuwa na watoto kumi na wanne, na watano kati yao walilala Kenya. Asubuhi walivuka kijito cha mpaka, sketi na kaptura wamezikunja hadi mapajani, wakafika shuleni na miguu ya matope na kukaa kwenye mabenchi pamoja na wenzao. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa pande zote mbili walioana, walizikana, walikopeshana majembe. Shule ya kwao ilikuwa mbali, yetu ilikuwa karibu, basi walikuja kwetu.

Shule ilikuwa Masaba, upande wa Uganda, ndani kabisa, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka barabara ya Tororo. Tulikuwa na vyumba vitatu vya udongo vilivyoezekwa mabati, na kanisa tuliloazimwa siku zisizo za ibada. Walimu tulikuwa watano, mwanamke nikiwa peke yangu. Nilikuwa pia mgeni. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli pale Tororo, baba kabila hili, mama kabila lile, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha. Nilipotoka chuo cha ualimu nikapangwa Masaba, sikuweza hata kumsalimia mtoto wa darasa la kwanza kwa lugha ya mama yake.

Na lugha ya mama yake ilikuwa ipi? Kwenye chumba kimoja nilikuwa na Wasamia, Wajopadhola, Wateso na Wajaluo. Vitabu vya kusomea tulivyoletewa vilikuwa vya Kiganda, lugha isiyozungumzwa katika nyumba hata moja pale kijijini. Watoto walikariri kurasa nzima bila kujua wanasema nini. Wakifika darasa la nne tunawaambia sasa basi, tuanze Kiingereza. Wakifika la saba wanaulizwa kwa Kiingereza habari za mito na wastani na sehemu za ua. Miaka miwili mfululizo hakuna mtoto wetu aliyefaulu kwenda sekondari. Wavulana wakubwa walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwenda Tiira kuchimba dhahabu, na sikuwa na maneno ya kuwazuia.

Mwanzoni mwa muhula wa pili alikuja afisa wa elimu. Alikuwa kijana, mpole, viatu vimejaa vumbi maana gari alikuwa ameliacha mbali njia ilipoharibika. Alikagua rejista ya wanafunzi darasa kwa darasa, kisha akamwita mwalimu mkuu, nami nikaitwa kwa sababu Kiingereza cha darasa la saba kilikuwa changu.

"Hawa watano," alisema, akiweka kidole kwenye majina, "wazazi wao wanalipa kodi wapi?"

"Ng'ambo, bwana," mwalimu mkuu akajibu.

"Ruzuku ya shule hii inatoka kwa walipa kodi wa wilaya hii. Mkitaka kuwafundisha, wafundisheni, mimi sitawafukuza. Lakini kwenye hesabu ya ruzuku siwezi kuwaweka, wala kwenye orodha ya mtihani."

Mwalimu mkuu alikuwa mzee aliyeanza kama katekista, mwenye mashati mawili yaliyopokezana, na alijua lugha tano kwa ufasaha zaidi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

"Na kuna jambo la pili," afisa akaendelea. "Mwaka huu asipofaulu hata mmoja, darasa la saba litafungwa. Watoto watahamia shule ya barabarani."

Shule ya barabarani ilikuwa maili nane. Nilijikuta nikisema. Nilimweleza habari ya lugha nne ndani ya chumba kimoja na vitabu vya lugha ya tano. Nilimwambia kwamba niliwahi kujaribu kuwafundisha wadogo kwa Kiswahili, ambacho angalau wanakisikia sokoni, nikakatazwa kwa kuwa hakimo kwenye ratiba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nayajua hayo, dada," alisema. "Nimeyaandika kwenye ripoti mara tatu. Wakubwa wangu huniuliza matokeo. Hawaniulizi lugha."

Aliondoka kwa miguu kulifuata gari lake. Sikuweza kumchukia, na hilo lilinichosha zaidi.

Kati ya wale watano wa ng'ambo kulikuwa na msichana wa miaka kumi na minne hivi. Mama yake alikuwa mjane, muuza samaki waliokaushwa kwenye soko la mpakani, Busia. Mtoto huyu alikuwa amekulia sokoni, na lugha zote za pale zilikuwa zake. Nikieleza jambo kwa Kiingereza na darasa likanitazama tu, yeye aligeuka akawaambia wa nyuma kwa Kisamia, wa dirishani, Wajopadhola, kwa Kidhopadhola chao, kisha akanirudia na swali la mmoja wao, tayari amelifanya Kiingereza. Sikumwomba afanye hivyo. Alifanya kwa sababu hakupenda somo lisimame. Karatasi yoyote iliyofungiwa sukari aliisoma pande zote mbili. Kama kulikuwa na mtoto mmoja shuleni kwetu ambaye angefaulu, alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyekatwa kwenye orodha.

Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alinisubiri nje ya kanisa baada ya masomo. Alikuwa na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mkulima wa pamba, mtu aliyejitolea mabati ya chumba cha pili kutoka kwenye mavuno yake. Binti wa mwenyekiti alikuwa ameugua mwaka uliopita akaacha masomo darasa la sita. Jina lake lilikuwa bado kwenye rejista.

"Binti yangu hatarudi," mwenyekiti alisema. "Mama yake ameshasema anamtaka nyumbani. Jina lipo, tikiti yangu ya kodi ipo. Andikeni jina lake, huyu msichana wa ng'ambo afanye mtihani. Shule isife."

Nilimtazama mwalimu mkuu. Alikuwa anaangalia chini.

"Na akifaulu?" niliuliza.

"Akifaulu darasa linabaki," mwalimu mkuu alisema. "Mengine tutarekebisha. Watu wa ofisi si wanyama. Tutaenda, tutaeleza."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ningeweza kukataa, na ningehamishwa tu. Sikukataa. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya mtoto.

Jumamosi nilikwenda sokoni kumwona mama yake. Alinipa kigoda, akaendelea kupanga samaki huku nikieleza. Nilipomaliza akafuta mikono kwenye kanga.

"Sasa huyu mtoto wangu atakuwa mtoto wa yule mzee?"

"Kwenye karatasi tu, mama. Siku ya mtihani tu."

"Na karatasi ikirudi, itarudi na jina gani?"

"Tutarekebisha," nilisema. Neno lile halikuwa langu, nililichukua kwa mwalimu mkuu na kumpa yeye kama lilivyo.

Mteja alikuja, akamhudumia. Kisha akasema, "Mimi sikusoma, mwalimu. Wewe ukisema inawezekana, mimi nasema sawa. Nimekuachia wewe."

Basi nikaanza kumfundisha msichana kuwa mtu mwingine. Aliliandika lile jina kwenye daftari kurasa mbili, hadi mkono ukazoea. Nilimwita kwa jina hilo ghafla, uwanjani, kisimani, nikiwa nyuma yake, na mwanzoni hakugeuka, kisha akawa anageuka. Wenzake walijua wote. Walicheka siku ya kwanza, siku ya pili wakaacha. Wale wanne wengine wa ng'ambo, ambao hatukuwapa majina kwa sababu hatukuyapata, waliendelea kuja hadi mwezi wa tisa, halafu wakaacha kuja. Hakuna aliyewafukuza. Niliona tu asubuhi moja mabenchi yana nafasi.

Mtihani ulifanyika shule ya barabarani. Tulitoka alfajiri juu ya lori la pamba, watoto kumi na mimi, tumekaa kwenye magunia. Msimamizi, mtu nisiyemjua, alisimama mlangoni akaita majina. Alipofika kwa lile jina kukawa kimya. Akaliita tena. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa uwanja. Msichana alikuwa amesimama mbele kabisa, anamtazama msimamizi usoni. Halafu akasema, "Present, sir," kwa sauti ya wazi, akaingia. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amesikia mara ya kwanza. Alikuwa anamngojea mwenye jina aitikie.

Matokeo yalikuja baada ya Krismasi. Mtoto mmoja. Mmoja tu, na alikuwa yeye: nafasi katika sekondari ya bweni ya wasichana, na wilaya itamlipia karo. Mwalimu mkuu alipiga kengele ya shule ingawa ilikuwa likizo, na watu wakaja kutoka mashambani wakidhani kuna msiba. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga.

Barua ilikuwa imeandikwa kwa mzazi. Mzazi kwenye karatasi alikuwa mwenyekiti. Aliichukua mkononi mwa mwalimu mkuu, akaikunja, akaitia mfuko wa koti. Hatukufikiria lolote. Siku ya tatu tulipata habari kwamba amekwenda Tororo na binti yake kununua sanduku na sare.

Tulimfuata nyumbani kwake, mwalimu mkuu na mimi. Alitukaribisha vizuri. Mkewe alileta chai. Sanduku lilikuwa pale ukutani, jipya, la bati, limepakwa rangi ya buluu.

"Mzee," mwalimu mkuu alianza, "nafasi ile tunajua ni ya nani."

"Mimi pia najua," mwenyekiti akasema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Lakini nisaidieni. Barua ina jina la mtoto wangu. Karo italipwa kwa kodi yangu. Binti yangu amepona, ameisoma ile barua mwenyewe, amelia kwa furaha. Nimwambie nini? Nimwambie hili jina lako nimempa mtu, rudi jikoni?"

"Ulisema mwenyewe hatarudi shule," nikamwambia.

"Nilisema kwa sababu hapakuwa na njia. Sasa njia ipo." Alinitazama. "Na wewe, mwalimu, ulitaka huyo wa ng'ambo aende na jina la binti yangu mpaka lini? Aolewe nalo?"

Tangu siku ile nje ya kanisa hakuna hata mmoja wetu aliyewaza zaidi ya mlango wa chumba cha mtihani.

Njiani kurudi nilimwambia mwalimu mkuu kwamba nitakwenda ofisi ya elimu kueleza yote. Alisimama katikati ya njia.

"Nenda," alisema. "Sitakuzuia. Watayafuta matokeo, kwa sababu aliyefanya mtihani hakuruhusiwa kufanya. Hawa wawili wote watakosa nafasi. Darasa litafungwa. Mimi na wewe tutapelekwa polisi, na hiyo ni haki yetu. Lakini niambie, mwanangu, katika hayo yote, mtoto wa mama wa samaki atapata nini?"

Nilikwenda hata hivyo. Nilipata baiskeli hadi barabarani, nikapanda basi hadi Tororo. Nilikaa kwenye benchi la ofisi tangu saa mbili asubuhi hadi karibu saa saba, nimeyapanga maneno kwa Kiingereza, nikayarudia hata yakakosa maana. Yule afisa alipotoka na kuniona, alikuja moja kwa moja kunipa mkono.

"Dada wa Masaba," alisema. "Unaona? Nilikuwa naitetea sana shule yenu, na sasa nina kitu cha kuwaonyesha wakubwa. Shule ndogo, makabila manne, na msichana amefaulu. Nimewaombea madawati. Na vitabu nitaangalia, huenda tukapata vya Kiingereza rahisi."

Alikuwa na furaha ya kweli. Nilifungua mdomo. Niliwaza madawati. Niliwaza wadogo wa darasa la kwanza, wanaosomea sakafuni wakiwa wameweka daftari magotini. Niliwaza polisi pia, sitadanganya.

"Asante, bwana," nilisema.

"Ulikuwa na shida gani?"

"Nilipita tu kusalimia."

Kabla ya kurudi kijijini niliingia nyumbani kwa wazazi wangu kwenye nyumba za reli. Mama aliniuliza mbona nimekonda, nikamwambia ni kazi. Nililala pale, asubuhi nikarudi Masaba.

Ilinibidi niwaambie. Hilo sikumwachia mtu. Nilivuka kijito mwenyewe, viatu mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi utelezi ulivyokuwa mbaya pale walipokuwa wakipita kila siku. Msichana alikuwa anatwanga muhogo. Mama yake aliniletea kigoda kilekile cha sokoni. Nilieleza kuanzia mwanzo, na nilipofika kwenye ofisi ya Tororo nilieleza hata lile la "nilipita tu kusalimia", maana niliona kulificha ni kuwaibia mara ya pili.

Mama alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Basi ni hivyo," alisema mwishowe. "Huyo binti mwingine ni mgonjwa bado?"

"Amepona, mama."

"Vizuri." Akanyanyuka akaingia ndani, na hakutoka tena hadi nilipoondoka.

Msichana alibaki na mchi mkononi. "Mwalimu," aliniuliza, "Kiingereza nilipata ngapi?"

Sikujua. Barua ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine, na mimi katika mbio zangu zote sikuwa nimeuliza. Nilimwambia nitauliza. Akaitika kwa kichwa, akaanza tena kutwanga.

Niliuliza. Nilikwenda kwa mwenyekiti, na alinionyesha barua bila kinyongo. Ilisema amechaguliwa, na vitu vya kuja navyo: mashuka mawili, ndoo, sabuni. Alama hazikuandikwa.

Nilijaribu kumtafutia mahali upande wa kwao. Shule ya huko ilitaka barua ya uhamisho inayoonyesha amefika wapi. Kwenye rejista yetu alikuwa hajafanya mtihani wowote; kwa karatasi alikuwa mtoto aliyeacha shule mwezi wa tisa pamoja na wenzake wanne. Mwalimu mkuu aliandika barua nzuri, ndefu, kwa mwandiko wake wa katekista. Walijibu kwamba anaweza kuanzia darasa la sita, kama ana ada na sare. Mama yake alilipa muhula mmoja. Muhula wa pili samaki walikuwa haba, na msichana akaacha shule, akawa anakwenda ziwani kununua samaki badala ya mama, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba.

Yule mwingine, mwenye jina, alirudi likizo ya kwanza akaja kunigongea mlango. Alikuwa na sare yake, amekonda.

"Madam, sielewi kitu kule. Wananiuliza nilifaulu vipi." Akaanza kulia. "Baba ananiambia nijitahidi. Unisaidie."

Nilimfundisha kila siku ya likizo ile, asubuhi, kanisani. Alikuwa mtoto mwenye bidii, na hakuwa amemkosea mtu. Kuna siku nilimweleza jambo akanitazama tu, nikajikuta nimegeuka kutafuta mtu wa kulifasiri. Alimaliza miaka miwili akarudi nyumbani. Hawakumfukuza, alishindwa tu, pole pole.

Madawati yalikuja, kumi na mawili. Vitabu vya Kiingereza havikuja. Mwaka uliofuata hakufaulu mtu, na mwaka wa pili darasa la saba likafungwa kama tulivyoahidiwa. Mwalimu mkuu alistaafu akarudi kulima. Mimi nilihamishiwa Nabuyoga, shule kubwa kidogo, nikapewa darasa la kwanza. Safari hii nilijifunza Kidhopadhola kutoka kwa watoto wenyewe, vibaya, huku wakinicheka.

Msichana wa ng'ambo nilimwona mara moja zaidi, miaka michache baadaye, nikiwa nimekwenda Busia kununua kitambaa. Alikuwa amekaa kwenye nafasi ya mama yake sokoni, mtoto mgongoni, akibishana na mnunuzi kwa Kiteso, huku akimjibu mwingine kwa Kijaluo. Aliponiona alisimama, akanipa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha wa kulia. Alinitambulisha kwa mwanamke wa jirani: "Huyu mwalimu wangu." Nikamuuliza hali ya mama, akasema mama alifariki masika yaliyopita. Nikasema pole. Nilitaka kusema mengine, nilikuwa nimeyabeba miaka yote hiyo, lakini wanunuzi walikuwa wamesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni alikuwa ameanza kulia. Alinifungia samaki wawili, akakataa nilipie. Nikawachukua, nikaenda kungojea basi.